Kwenye sherehe nyekundu, kila kinywaji chekundu kiwe cha watoto

Msomaji wetu wa Miyuji, hapa Dodoma, ameandika hivi: "Dada, habari za kazi. Binti yetu anapata kipaimara mwezi ujao. Kamati imepitisha rangi nyekundu na nyeupe kuanzia nguo, mapambo hadi keki. Sasa wanasema hata vinywaji viwe vyekundu: wakubwa wanywe mvinyo wetu wa Dodoma, watoto wanywe juisi ya choya. Wageni ni kama 60, nusu yao watoto. Naomba vipimo vya juisi, na kama kuna la kuangalia zaidi uniambie."

Hongera mama, na hongera kwa binti. Vipimo utavipata hapa chini. Lakini lipo la kuangalia kabla ya vipimo, na linawahusu wazazi wote wanaoandaa sherehe za rangi moja, iwe kipaimara, ubatizo, send-off au siku ya kuzaliwa.

Rangi yenyewe mmeichagua vizuri. Nyekundu kanisani ni rangi ya Roho Mtakatifu, na kwetu Dodoma vinywaji vyekundu havitafutwi mbali. Zabibu zinalimwa Makutupora, Veyula, Hombolo na Mpunguzi, na zinavunwa mara mbili kwa mwaka. Choya, ambayo wengine wanaiita rozela au damudamu, inapatikana sokoni ikiwa imekaushwa. Tatizo linaanza pale mvinyo na juisi vinapowekwa kwenye meza moja, kwenye glasi za aina moja, vikiwa na rangi moja.

Macho hayatoshi

Mimina mvinyo mwekundu mtamu kwenye glasi ya plastiki, kisha mimina juisi ya choya kwenye glasi nyingine ya aina hiyohiyo. Simama hatua mbili nyuma. Hata wewe mwenye sherehe utasita kusema ipi ni ipi. Tena siku hizi wajasiriamali wengi wanatengeneza mvinyo wa choya yenyewe. Hapo rangi ni ileile, ua ni lilelile, na harufu zinakaribiana.

Sasa fikiria mtoto wa miaka minne aliyekuwa anakimbia uani kwenye jua la Dodoma. Ana kiu, na glasi iliyo karibu ni nyekundu kama aliyopewa mwanzo. Hataonja kwanza. Atakunywa mafunda matatu au manne kabla ya kujua kuna tofauti, na kama mvinyo ni mtamu huenda asijue kabisa.

Mvinyo wa kawaida una kilevi cha asilimia 12 hivi. Glasi moja ya mililita 150 ina kilevi kinachokaribia au kuzidi kidogo kile cha bia ndogo ya mililita 330. Kwa mtoto mdogo hicho ni kiasi kikubwa. Mwili wake ni mdogo, na zaidi ya hapo kilevi huzuia ini kutengeneza sukari ambayo mwili unaihitaji. Sukari ya damu ikishuka, mtoto analegea, anatoka jasho la baridi, anaweza kupata degedege au kupoteza fahamu. Hatari inakuwa kubwa zaidi kama hajala kwa saa kadhaa, na kwenye sherehe zetu chakula huchelewa mara nyingi.

Wapo na wakubwa. Jirani yako Mwislamu amekuja kwa heshima ya ujirani. Yupo Msabato, yupo dada mjamzito, yupo mzee anayetumia dawa, yupo kijana aliyekubali kuwarudisha wageni nyumbani kwa gari. Miyuji ya sasa imejaa watu waliotoka kila mkoa na wenye dini zote. Mgeni asiyekunywa pombe akipokea glasi yako, anakuamini wewe. Haifai aanze kunusa kwanza.

Kanuni moja kwa kamati

Pelekea kamati kanuni hii, ni rahisi kuikumbuka: siku hiyo, kila kinywaji chekundu kiwe kile ambacho mtoto anaweza kunywa. Rangi ya sherehe iwe ya mwenye sherehe, naye ni mtoto.

Je, wakubwa wanaokunywa? Kama familia imeamua wawepo, watafutiwe mvinyo mweupe. Huo nao ni wetu; zabibu za kutengenezea mvinyo mweupe, kama Chenin Blanc, zinalimwa hapahapa Dodoma. Rangi zenu ni nyekundu na nyeupe, kwa hiyo hamjaharibu kitu. Anayetaka bia anywe kwenye chupa yake. Hapo mhudumu, mtoto na mgeni wote wanajua bila kuuliza: chekundu ni juisi.

Kama kamati itang'ang'ania mvinyo mwekundu, basi usiachwe umemiminwa. Yafuatayo yazingatiwe:

Kwanza, pombe ikae meza ya peke yake, mbali na chakula na keki, na mtu mzima mmoja asiyekunywa aisimamie mwanzo hadi mwisho. Mtu huyo atajwe kwa jina kwenye kikao. Kazi ikisemwa ni ya wote, hakuna atakayeifanya.

Pili, vyombo vitofautiane. Juisi iwe kwenye vikombe vya karatasi au vya plastiki vya rangi, mvinyo uwe kwenye glasi za vioo zenye mguu. Usitumie chombo kimoja kwa vyote viwili.

Tatu, msichanganye matunda na mvinyo kwenye bakuli kubwa kama tunavyoona mitandaoni. Vipande vya embe na chungwa vinafyonza kilevi, na mtoto akiona tunda anachomoa na kula.

Nne, msihamishe vinywaji kwenye chupa za vitu vingine. Mvinyo wa kutengeneza nyumbani usiwekwe kwenye chupa za maji au za soda. Juisi nayo isiwekwe kwenye chupa tupu za mvinyo kwa sababu zinapendeza. Mtoto aliyezoea kunywa kutoka kwenye chupa ya aina hiyo nyumbani hatauliza siku nyingine.

Tano, baada ya kugonganisha glasi, makapi yakusanywe papo hapo. Wakati wakubwa wamesimama kucheza, watoto huzunguka meza wakimalizia vilivyobaki. Na ile shampeni inayofunguliwa na MC, someni maandishi ya chupa kabla ya kuinunua. Zipo zisizo na kilevi na zipo zenye kilevi, na chupa zake zinafanana sana.

Vipimo vya choya kwa watu 60

Kila mgeni mhesabie glasi mbili za mililita 250. Jumla ni lita 30.

Utahitaji vikombe 15 vya chai vya choya kavu, lita 30 za maji, kilo moja na nusu ya sukari, vipande vinne au vitano vya tangawizi na malimao kumi. Ukipenda, weka mdalasini kidogo.

Choya huanikwa na mara nyingi hubeba mchanga, kwa hiyo ioshe haraka kwa maji baridi mara mbili. Chemsha lita 15 za maji pamoja na tangawizi, tia choya, iache ichemke dakika kumi, funika, kisha epua. Iache nusu saa mpaka saa nzima. Chuja kwa kitambaa safi. Tia sukari ikiwa bado ya moto ili iyeyuke. Ikipoa, ongeza lita 15 za maji yaliyochemshwa na kupoa, halafu kamua malimao. Onja. Ukiongeza sukari, isizidi kilo mbili kwa jumla. Watoto watakula keki na pipi pia.

Mambo matatu wapishi wa choya wanayajua. La kwanza, choya ni kali, hivyo usiilaze kwenye sufuria ya alumini. Ihamishie kwenye ndoo safi ya chakula yenye mfuniko na koki. La pili, maji ya visima vingi vya Dodoma yana chumvichumvi, na juisi inaweza kufifia na kuelekea zambarau. Limao hurudisha wekundu. La tatu, barafu itengenezwe kwa maji yaliyochemshwa. Haina maana kuchemsha juisi halafu kuipoza kwa barafu ya maji usiyoyajua.

Ipike jioni ya kuamkia sherehe, isiwe siku tatu kabla. Juisi yenye sukari ikikaa kwenye joto letu siku mbili bila friji huanza kuchacha, na kuchacha ndiko kunakozaa kilevi. Ukiona chupa imevimba, povu linapanda au inawasha ulimi, imwage. Juisi ya zabibu ndiyo inayowahi zaidi, kwa kuwa hamira ya asili inakaa kwenye maganda yake. Ukitaka juisi ya zabibu, zichemshe kwanza na maji kidogo, zikamue, zichuje, kisha ziingie kwenye friji.

Ukipenda kinywaji cha pili, saga tikiti na ndimu. Bitiruti na nanasi vinafaa pia, ila waonye wazazi wenzako: bitiruti inaweza kufanya mkojo au choo cha mtoto kiwe chekundu kesho yake. Si damu, inaisha yenyewe.

Wekundu wa dukani

Kuna anayetaka njia fupi: unga wa juisi au rangi ya chakula kwenye maji ya sukari. Tangu mwaka 2010, nchi za Umoja wa Ulaya zinataka vyakula vyenye rangi fulani za viwandani, zikiwemo nyekundu za E122, E124 na E129, viandikwe onyo kwamba vinaweza kuathiri utulivu na usikivu wa watoto. Geuza pakiti usome nyuma kabla hujanunua. Ubuyu nao kwa asili ni mweupe, hivyo ukiona ubuyu mwekundu ujue umetiwa rangi.

Kama umenunua juisi ya choya kwa mtu na una mashaka, weka vijiko viwili kwenye kisosi, nyunyizia magadi kidogo. Choya halisi itageuka kuwa ya bluu au kijani. Rangi ya kiwandani kwa kawaida itabaki nyekundu. Watoto wanapenda jaribio hili. Waachie walifanye, ila hicho cha kwenye kisosi kimwagwe.

Neno moja kuhusu damu. Wengi wanasema choya inaongeza damu kwa sababu ni nyekundu. Rangi si damu. Mjamzito asiache vidonge vya kuongeza damu alivyopewa kliniki kwa sababu anakunywa choya, na asinywe choya nyingi bila kumuuliza mhudumu wa afya. Anayetumia dawa za presha naye aulize, maana choya inaweza kushusha presha.

Mtoto akinywa kwa bahati mbaya

Mnyang'anye glasi kwa utulivu na uulize amekunywa kiasi gani. Usimtapishe, na usimpe kahawa wala kumwogesha maji baridi. Kama yuko macho na anameza vizuri, mpe kitu chenye sukari na chakula. Usimwache alale peke yake kwa kudhani atazinduka. Akilegea, akitapika, akipumua polepole, akiwa wa baridi au akipata degedege, mlaze ubavu na mkimbizeni hospitali. Mtoto mdogo mpelekeni hata kama anaonekana mzima, kwa sababu sukari inaweza kushuka saa kadhaa baadaye. Mwambieni daktari ukweli kwamba amekunywa pombe. Aibu ya wazazi isimcheleweshee mtoto matibabu.

Na wale wajomba wenye mzaha wa kumwonjesha mtoto "kidogo tu, ni damu ya Yesu", waambiwe mapema, tena na mtu wanayemheshimu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumuuzia mtoto pombe, na mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Lisilofaa kuuziwa dukani haliwi zuri kwa sababu limetolewa bure na mjomba.

Mama wa Miyuji, kikao kijacho nenda na karatasi yenye mistari mitatu: lita 30 za choya, mvinyo uwe mweupe, na jina la mtu atakayesimamia meza ya pombe. Wakipitisha hiyo mitatu, mapambo yatapendeza vilevile, na binti yako ataweza kumpa mdogo wake glasi yoyote nyekundu bila wewe kuruka kutoka kwenye kiti.