Kuchakaa Si Kufa

Nina neno moja tu, nami nitalitamka bila kuficha. Shule yetu ina kipimo ambacho mafundi wa Mukuru kwa Njenga wanakihitaji sana, na kipimo hicho kimelala kabatini. Ninasema mikromita ya maabara ya Fizikia. Hutolewa siku ya jaribio, ikahesabiwa, ikarudishwa, kabati likafungwa. Nje ya lango, hatua chache tu, kuna fundi anayepima silinda kwa ukucha wa kidole. Jameni, tutakaa hivi mpaka lini?

Tuanze na vitu vidogo. Nani kati yetu hakuunda gari la waya lenye magurudumu ya vifuniko? Kutoka hapo wengine tuliingia kwa magari ya rimoti ya mtumba, yale yanayouzwa kwa bei ya kutupa kwa sababu ati "hayaendi". Kumbe mara nyingi mota haijafa, imechakaa tu. Ukiifungua utaona brashi za kaboni zimekwisha, au ile shaba inayozunguka imejaa weusi, au bushi imelegea hata mhimili unacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Shaba husuguliwa kwa msasa laini mpaka ing'are. Brashi hukatwa kutoka kwa brashi kuukuu ya drili, ikapunguzwa polepole hadi iingie bila kubana na bila kulegea. Bushi iliyolegea hubadilishwa. Ni kazi ya jioni moja, pale pale mezani nyumbani. Mama akiuliza, huo ni mradi wa Fizikia!

Wenzetu wa Ulaya na Marekani wameupeleka mchezo huu mbali zaidi. Baadhi ya magari yao ya rimoti yana injini halisi, ndogo ya kutoshea kiganjani, inayochoma mchanganyiko wa methanoli, nitromethani na oili. La ajabu ni kwamba nyingi za injini hizo hazina ringi. Pistoni ya aluminiamu hupanda na kushuka ndani ya silinda ya aloi ya shaba iliyopakwa kromi, na silinda hiyo ni nyembamba kidogo upande wa juu. Injini ikipata joto, vyuma hupanuka na vikakaana sawasawa. Silinda ikichakaa, ule mbano wa juu hupotea, nayo injini ikishapata moto huzima na kukataa kuwaka. Basi wapenzi wa mchezo huo huiminya silinda upande wa juu, kwa kiasi kidogo mno, ili mbano urudi. Lakini kromi ikishaambuka, hakuna dawa, ni kununua nyingine. Ndiyo maana anayejua kazi hutangulia kupima. Lazima ajue kilichokwisha ni kipi, na kimekwisha kwa kiasi gani.

Najua kuna mtu ananiuliza, "Sasa hayo ya vigari yanatuhusu nini?" Yanatuhusu kwa sababu injini ya bodaboda huugua ugonjwa ule ule, ila kwa bodaboda si mchezo tena, ni unga. Jirani yetu mmoja huendesha pikipiki ya mtu. Ilianza kutoa moshi wa samawati na kunywa oili. Fundi wa kwanza akasema ni ringi. Zikanunuliwa, zikatiwa, na baada ya wiki chache moshi ukarudi. Fundi wa pili naye akasema ringi. Zikanunuliwa tena. Siku zote hizo pikipiki imelala, na mwenye pikipiki haulizi habari ya ringi, anauliza hesabu yake ya jioni. Nyumbani watoto walikuwa wanakunywa chai ya rangi.

Fundi wa tatu alikuwa mzee mmoja wa upande wa Viwandani. Alichukua ringi mpya, akaitia peke yake ndani ya silinda, bila pistoni. Kwanza aliishusha chini kabisa, mahali ambapo ringi hazisugui, akapima mwanya ulio kati ya ncha mbili za ringi kwa vile vijani vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi. Akapata milimita 0.20. Kisha akaipandisha karibu na juu, akapima tena. Akapata 0.50. Akatikisa kichwa, akasema hakuna ringi itakayoponya silinda hii, imepanuka.

Ndugu msomaji, fanya hesabu. Mzingo wa duara ni kipenyo mara 3.14. Mwanya wa ringi umeongezeka kwa 0.30, kwa hiyo kipenyo kimeongezeka kwa 0.30 gawanya kwa 3.14, yaani karibu milimita 0.1. Hilo ni somo la duara, lile lile tunalolisinzia saa nane mchana! Silinda ikapelekwa kwa mwenye mashine ya kukereza chuma, ikapanuliwa sawasawa, ikatiwa pistoni ya ovasaizi pamoja na ringi zake. Pistoni hizo huuzwa kwa ngazi, 0.25, 0.50 na kuendelea. Moshi ukaisha. Laiti kipimo kingekuja kabla ya ununuzi, jirani yetu angelipia kazi mara moja badala ya mara tatu.

Siwadharau hao mafundi wawili wa kwanza, hata kidogo. Mafundi wetu wana akili ya ajabu. Mwanya wa plagi wengi wao huupima kwa wembe wa msumeno wa chuma, ambao unene wake ni kama milimita 0.6, na plagi inawaka vizuri. Macho, masikio na vidole vyao vimesoma kuliko sisi. Lakini tofauti ya 0.1 ni karibu na unene wa unywele wa kichwa chako. Kidole hakiwezi kuisoma, ila mikromita inaweza. Ukizungusha mpini wake mara moja, mdomo husogea milimita 0.5. Mpini umegawanywa mara 50, kwa hiyo kila mstari ni 0.01. Haya si tumeyaandika daftarini na kuyapigia mstari kwa kalamu nyekundu?

Basi pendekezo langu ni hili. Jumamosi moja kila muhula, kwa saa mbili, maabara ifunguliwe chini ya uangalizi wa mwalimu wa Fizikia. Mafundi walete pistoni na mihimili, nasi tupime na kuandika vipimo kwenye kadi. Walete pia vipande vya bati la mkebe, nyembe za misumeno, na chuma chochote chembamba. Tutavipima unene, nao wavikwaruze namba kwa msumari. Kipande kilichopimwa na kuandikwa namba tayari ni kipimo! Fundi ataondoka na vijani vyake vya kupimia nafasi ambavyo havikumgharimu kitu. Sisi wa Chama cha Kiswahili nasi tuna kazi. Tuyaandike maneno ya mafundi, kama injini "imenoki", "inakunywa oili", na mengineyo ambayo hatujayaona katika vitabu vyetu vya darasani.

Najua mapingamizi hayatakosa. Kuna watakaosema tutapoteza muda wa mtihani. Kwani karatasi ya tatu ya Fizikia katika KCSE si ya vitendo? Aliyepima pistoni ishirini za watu hatatetemeka mbele ya mpira mmoja wa mtihani.

Kuna watakaosema kazi ya oili ni ya walioshindwa na masomo. Hayo ni mawazo ya kale. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya, ya mwaka 1972, ilionyesha kuwa kazi hizi ndogondogo zinalisha watu wengi na zinastahili kusaidiwa. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 ulikusudia tujifunze kazi za mikono. Mwaka 1992 serikali ilitoa waraka mzima wa bunge kuhusu biashara ndogondogo na jua kali. Na sasa wadogo wetu wa mtaala wa umilisi wana somo la mambo ya kiufundi katika sekondari ya chini. Karatasi zimesema vya kutosha, tulichobakiza ni kufungua kabati.

Kuna watakaotaja hatari ya moto, na hao nawaunga mkono. Hatujasahau tarehe 12 Septemba 2011, petroli iliyovuja ilipowaka Sinai, kando ya Lunga Lunga, na zaidi ya watu mia moja wakafa. Kwa hiyo petroli isiingie maabara hata kijiko kimoja. Vipuri vioshwe huko huko kwa fundi, nje, mbali na jiko, na vije vimekauka. Na yeyote atakayewahi kushika ile fueli ya vigari vya injini akumbuke kuwa methanoli ni sumu. Hupofusha na kuua.

Tena si kila kilichochakaa kifufuliwe. Breki zikiisha zibadilishwe, hapo hatufanyi ujanja, maana abiria wa nyuma ni mama yako au dada yangu. Hata hilo kipimo ndicho kitakachotuambia, kiwe ni cha kurudishwa kazini au ni cha muuza skrapu.

Mwalimu Mkuu, kwa heshima na taadhima, ufunguo uko ofisini kwako. Tuandikie daftari la kutoa na kurudisha vifaa, nasi tutatia sahihi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza kwamba chuma bila kipimo hutupwa kingali na uhai.

Mwanachama, Kidato cha Nne