Zukini la Kwenye Ndoo, na Sisi Tunaokwenda Kufundisha

Najua nimeadimika. Kwanza kulikuwa na UE, halafu bumu likakata mapema kuliko kawaida, halafu simu ikavunjika kioo. Sasa nimerudi, na leo sina stori za vimbweta wala za foleni ya kafeteria. Leo nataka kuongelea zukini. Ndiyo, zukini, yale mnayoyaona soko la Kisutu mkadhani ni matango yaliyonenepa.

Kwa wasiojua, mimi nasoma DUCE hapa Chang'ombe lakini nakaa kwa bibi, Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu. Ni moja ya zile nyumba za Kiswahili chache zilizobaki: vyumba sita, ukumbi katikati, uani nyuma. Kulia ghorofa, kushoto ghorofa. Jua linafika uani kwetu kama saa tatu asubuhi na saa tisa limeshaondoka. Udongo hakuna, uani wote ni sementi.

Mwishoni mwa Mei, mvua za masika zilipopungua, nikaingia duka moja la pembejeo karibu na soko nikaomba mbegu za zukini. Muuzaji akaniuliza, "Eka ngapi dada?" Nikamwambia ndoo tatu. Jamani, alicheka mpaka akamwita mwenzake aje anione.

Ndoo zenyewe ni zile za mafuta ya kupikia za lita 20. Nikazitoboa chini kwa msumari wa moto, nikajaza udongo niliochanganya na mbolea ya kuku ya zamani (ile mbichi inaunguza mizizi, msijaribu). Mbegu nikaziloweka usiku mmoja, nikafukia mbili mbili kila ndoo, kina cha kama sentimita 2 hivi. Siku ya tano zikachungulia. Baadaye katika kila ndoo ukang'oa mche dhaifu unaacha mmoja, na hapo roho iliniuma kweli. Zukini ni ndugu wa boga, asili ya ukoo wao ni Mexico huko, ila Waitaliano ndio waliolitengeneza likawa hivi tunavyolijua, na jina lenyewe kwa lugha yao maana yake ni maboga madogo. Tofauti ni kwamba zukini la kawaida halitambai kama boga letu. Linasimama kama kichaka, ndiyo maana ndoo inalitosha.

Basi bwana, likakua, majani mapana kama ungo. Maji nilikuwa namwaga chini kwenye shina, si juu ya majani. Maua ya njano yakaanza. Wiki ya kwanza yakachanua na kuanguka bila kuacha kitu. Ikaja wiki ya pili nikaanza kuona vitunda vidogo kama kidole, nikafurahi, nikapiga picha nikawatumia baadhi yenu. Baada ya siku tatu vitunda vikawa njano, vikaoza nchani, vikadondoka. Vyote. Nikalaumu mbolea. Nikalaumu maji ya kisima maana ya kwetu yana chumvi. Nikaongeza maji, nikapunguza maji.

Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua mchele. Akaniambia bila hata kuinua kichwa, "Mke mwenzangu, hapa nyuki wako wapi? Kwetu Kisarawe kwenye maboga tulikuwa tunapigana nao."

Nilisimama pale nimeshika kopo la maji kama mjinga. Wadau, mimi nasomea ualimu wa Bayolojia. Uchavushaji nimeufanyia mtihani kidato cha nne, kidato cha sita na hapa chuoni. Neno la mmea wenye maua ya kiume na ya kike mbalimbali kwenye shina moja nililikariri kwa Kiingereza na nikalipatia alama zangu zote. Na kwa wiki mbili nzima nilikuwa naangalia ua dume kwenye kikonyo chembamba, na ua jike lenye kitunda nyuma yake, nikidhani ni maua tu.

Kesho yake saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa uani na kanga yangu. Ua linafunguka alfajiri na kabla ya adhuhuri limeshajifunga, kwa hiyo ukilala umekosa. Nikachuma ua dume, nikalimenya petali, nikapaka ile chavua ndani ya maua jike mawili. Hayo mawili hayakudondoka. Baada ya siku sita nilichuma zukini la urefu wa kama sentimita 18, bibi akalipika kwa nazi kama anavyopika mung'unye.

Sasa hoja yangu. Sekondari niliyosoma (jina naliacha) ilikuwa na bustani. Unajua nani walikuwa wanalima? Wachelewaji, wapiga kelele, na waliokutwa wanaongea Kiswahili. Jembe lilikuwa fimbo nyingine tu. Hakuna hata siku moja mwalimu wa Bayolojia alitupeleka pale kuangalia ua. Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 akataka shamba liwe sehemu ya masomo, na sisi tuliokuja baadaye tumelipokea kama adhabu. Halafu tunashangaa vijana wanakimbia kilimo.

Na tusiseme hayo ni ya wazee. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika Januari 2024, una mkondo wa amali, na nimewasikia baadhi yenu pale vimbwetani mkisema huo ni wa wasiojiweza kichwani. Mimi nilikuwa nacheka pamoja nanyi. Sicheki tena, maana mwenye kichwa ndiye aliyeshindwa na ua.

Rafiki yangu mmoja kanipinga, na ana hoja: darasa la wanafunzi mia moja, mwalimu mmoja, vipindi arobaini dakika, utafundisha ndoo saa ngapi? Sina jibu kamili. Lakini ile sababu ya "shule za mjini hazina ardhi" msiniambie tena, mimi nimetumia sementi ya Kariakoo. Ndoo moja mlangoni mwa darasa, wanafunzi kumi kila asubuhi kabla ya namba. Na aliyechelewa apewe adhabu nyingine yoyote ile, asipewe kumwagilia.

(Mbegu za dukani nyingi ni chotara, msihifadhi mbegu za tunda lake mkitegemea kupata lile lile.)

Jumatatu naripoti BTP. Nimebakiwa na mbegu nne, nimezifunga kwenye karatasi ndani ya mkoba pamoja na maandalio ya masomo. Ndoo tatu za uani namwachia bibi. Amekubali kuamka alfajiri kuyachavusha, ila kwa sharti kwamba yote atakayochuma nikiwa sipo ni yake, na nisije nikauliza hesabu.