Hojaji Isiyoona Mzigo

Uchambuzi wa Shirika la Afya Duniani, uliokadiria kwamba mwaka 2016 asilimia 84.7 ya wasichana wa miaka 11 hadi 17 hawakufikisha dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku, ulitegemea hojaji za kujieleza, yaani maswali ambayo mhojiwa huyajibu kwa kumbukumbu yake. Kuwaita wazembe kwa kipimo hicho wasichana wa kaunti za Kisii na Nyamira nchini Kenya, wanaopandisha maji milimani na kuchuma majani chai, ni kosa, kwani swali linalotaja mbio na kandanda laweza kumfanya msichana asizihesabu kazi hizo. Hata kihisi mwendo, kifaa cha kiunoni kinachorekodi mtikisiko wa mwili, hakiupimi uzito wa mtungi wa maji anaoubeba. Hojaji isitupwe, bali izitaje kazi hizo waziwazi, tena kwa Ekegusii, lugha ya wasichana hao.