Kamera Haipigi Hodi



Wengi mnajua kuwa baada ya harusi niliihama Unguja nikamfuata mume wangu Dodoma. Tunakaa upande wa Chimwaga, karibu na Chuo Kikuu cha Dodoma. Mume wangu husafiri sana kikazi, kwa hiyo kabla sijafika alimwita fundi akafunga kamera mbili za Wi-Fi, moja getini na moja sebuleni. Nilifurahi. Bi harusi gani hataki usalama?

Siku moja umeme ulikatika. Haikupita nusu saa, simu ikalia. Alikuwa fundi. "Shemeji, naona kamera ya sebuleni haipo hewani. Kuna tatizo?"

Aliuliza kwa wema kabisa. Lakini mimi nilikuwa nimekaa sebuleni na kanga zangu, nywele wazi, na swali moja tu kichwani: huyu ameonaje?

Kumbe alipoziunganisha alitumia simu yake na akaunti yake, kisha akamwongeza mume wangu kama mtazamaji. Mwenye kamera alikuwa fundi. Sisi wenye nyumba tulikuwa wageni.

Tangu siku hiyo msimamo wangu ni huu: kamera ni mlango, na kila mlango una hodi yake. Katika Surat An-Nur, aya ya 27, tumekatazwa kuingia nyumba za wengine bila kuomba ruhusa na kutoa salamu. Aya ya 58 inataka hata watoto wetu waombe ruhusa nyakati tatu: kabla ya Alfajiri, mchana tunapovua nguo kupumzika, na baada ya Isha. Ikiwa mtoto wa ndani anapiga hodi, vipi jicho la kamera lituangalie usiku na mchana?

Wapo watakaosema mume ana haki ya kujua kinachoendelea kwake. Ulinzi sikatai, na kamera yangu ya getini ipo mpaka leo. Lakini mwizi huingia kwa nje. Kamera inayotazama kochi na mkeka wa kuswalia inamlinda nani? Surat Al-Hujurat, aya ya 12, imekataza kupelelezana, wala sijaona ilipowatoa mke na mume. Hata Katiba ya Tanzania, ibara ya 16, inalinda faragha ya mtu na maskani yake.

Basi tulifanya hivi, nanyi mnaweza. Kwanza tulimwomba fundi aziondoe kamera kwenye akaunti yake. Msiruke hatua hii, kwani kamera nyingi hubaki zimefungwa kwa aliyezisajili mwanzo hata ukizirudisha upya. Kisha tukabonyeza kitufe cha kuanza upya mpaka taa ikawaka na kuzima, tukasajili kwa barua pepe yetu, tukaweka nywila mpya na uthibitisho wa hatua mbili. Nywila ya ruta nayo tukabadilisha, maana fundi alikuwa nayo.

Kamera ilipokataa kuunganika, tulidhani imeharibika. Tatizo lilikuwa ruta: kamera nyingi za bei nafuu hushika mawimbi ya GHz 2.4 tu, na sisi tuliichagulia ya 5. Kifurushi kikiisha pia usikimbilie fundi. Hutaona picha ukiwa mbali, ingawa yenye kadi ya kumbukumbu kwa kawaida huendelea kurekodi. Mwisho, fungua orodha ya watu walioruhusiwa kutazama. Usiyemjua, mfute.

Ya sebuleni tuliitoa. Mume wangu hakubisha. Aliposikia nilivyokuwa nimekaa siku ile, aliishusha yeye mwenyewe.

Mabibi harusi, masomo wetu hutufunda kupika, kujifukiza udi na kutunza siri za nyumba. Siku hizi siri ya nyumba inaweza kutoka bila mtu kufungua mdomo. Kabla hujahamia, muulize mwenzio kwa upole: nyumba yetu ina kamera ngapi, zinaangalia wapi, na nywila anayo nani? Mume mwenye wivu wa heri atafurahi umeuliza. Akikasirika, basi kaeni mlizungumze kabla ya kuhamisha vitu.

Allah azisitiri nyumba zetu. Amin.