Nilimwambia baba mdogo ni gesi tu!

Mimi leo sina utani. Ile stori niliyokuahidi ya sista duu na mabwana zake wawili naiweka kiporo. Nina dukuduku la moyo, tena la moyo kweli.

Nilikuwa na baba mdogo, dereva wa lori la mchanga, miaka 58, mcheshi kupindukia. Jumapili moja tulikuwa kijiweni maeneo ya Njiro Kontena tunapata nyama choma, ghafla akashika kifua. Jasho likamtoka kama kamwagiwa maji, na ile baridi ya Meru ilikuwa inatutafuna! Akasema mkono wa kushoto unamuuma mpaka kwenye taya. Mimi mjuaji nikamjibu, "Baba mdogo, hiyo gesi tu, umefakamia nyama." Nikamnunulia soda. Akacheua, tukacheka.

Jumatatu alishinda kitandani. Jumanne akasema ana nafuu. Jumatano akaulizia funguo za lori. Alhamisi alfajiri akaanguka mlangoni. Tunamfikisha hospitali kwa teksi, presha haisomi. Daktari akapitisha kipimo cha ultrasaundi kifuani, akatingisha kichwa. Damu ilikuwa imejaa kwenye mfuko unaofunika moyo, moyo umebanwa hauwezi kupiga. Walihangaika naye, lakini jua lilipochomoza hatukuwa naye tena.

Baadaye nikamfuata yule daktari, maana usingizi ulikuwa hauji. Akaniambia, "Bwana mdogo, Jumapili ile haikuwa gesi. Ulikuwa mshtuko wa moyo." Mshipa unaolisha moyo uliziba, kipande cha nyama ya moyo kikafa. Nyama iliyokufa inalainika kama parachichi lililoiva kupita kiasi, na moyo hauna likizo, unapiga kama mara 100,000 kwa siku. Ndani ya wiki ya kwanza, mara nyingi mgonjwa akidhani kapona, ukuta unaweza kuchanika. Ukichanika wa nje, damu inavuja kama kwa baba mdogo. Ukichanika wa katikati, chemba mbili zinachanganya damu.

Nikamwuliza, hivi moyo unashonwa? Akacheka kidogo. Kumbe Ludwig Rehn, daktari wa Frankfurt, Ujerumani, alishona moyo wa kijana aliyechomwa kisu mwaka 1896, na kijana akapona! Ukuta wa katikati uliotobolewa na mshtuko wa moyo, Denton Cooley wa Marekani aliuziba miaka ya 1950.

Kazi yenyewe ni kama ya fundi cherehani. Wanapasua kifua, mara nyingi wanawasha mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu, wanaondoa damu iliyoganda, kisha wanashona kiraka cha kitambaa maalum au cha ngozi ya mfuko wa moyo wa ng'ombe. Sasa fundi gani anashona kiraka kwenye nguo iliyooza? Uzi utakata. Kwa hiyo sindano lazima ipite kwenye nyama nzima, mbali na tundu. Hata kwa mabingwa wa Ulaya, wagonjwa wengi hufia mezani au siku chache baadaye.

Hapa kwetu tunayo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanza mwaka 2015 pale Muhimbili. Wanapasua moyo na wanazibua mishipa bila kupasua kifua. Lakini kutoka Njiro mpaka Dar ni zaidi ya kilometa 600, na ukuta ukishachanika huna hata saa moja ya kusubiri ndege.

Ndiyo maana dawa kubwa ni kuwahi. Mshipa ukizibuliwa ndani ya saa chache za mwanzo, nyama nyingi inaokolewa na ukuta hauchaniki ovyo. Sisi tulikuwa na siku nne. Siku nne, msomaji wangu! Na hospitali ilikuwa dakika chache tu kwa teksi.

Kwa hiyo ukimwona mtu kashika kifua, jasho linamtoka, maumivu yanapanda taya au mkono, usijifanye daktari wa kijiweni kama mimi. Acha soda, acha tangawizi. Tafuta usafiri, hata kama yeye mwenyewe anakuambia kapata nafuu. Ikiwa ni gesi kweli, mtarudi mnacheka.

Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa. Sista duu na mabwana zake watakuwepo.