Mtindio wa ubongo: fedha za utafiti ziende wapi?

Mtoto akikosa hewa wakati wa kuzaliwa, ubongo unaweza kuumia, akapata mtindio wa ubongo. Ulaya mtoto wa aina hiyo hupozwa mwili kwa siku 3, na inasaidia. Lakini utafiti wa India, Sri Lanka na Bangladesh, uliotolewa 2021, ulionyesha kuwa huko kupoza hakukusaidia. Waliopozwa walikufa wengi zaidi.

Kwa hiyo fedha zikiishia nchi tajiri, majibu yake huenda yasitufae. Tutazame Iganga na Mayuge, Uganda. Watafiti walikuta karibu watoto 3 katika kila 1,000 wana hali hii, na takriban robo yao waliipata baada ya mwezi wa kwanza, wengi kwa malaria iliyopanda kichwani. Yaani chandarua na dawa ya mapema vingewakinga. Walipowafuatilia baadaye, waliofariki wengi waliuawa na malaria, upungufu wa damu na maambukizi, hasa wenye ulemavu mkali na utapiamlo.

Sisi tungeanzia hapo: kumlisha mtoto asiyeweza kutafuna. Hakuna mashine inayohitajika, ila mtu alipwe mshahara amfundishe mama, kisha arudi kumpima mtoto uzito.