Mwanao anasoma kwenye simu au kwenye daftari? Angalia kinachobaki kichwani

Chukua mfano wa mama anayeuza vitenge Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Asubuhi saa 12 ameshatoka nyumbani Ilala, anarudi saa 2 usiku miguu ikimuuma. Akifungua mlango anamkuta binti yake wa kidato cha nne amejilaza kwenye kochi, simu mkononi.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Mtihani si Novemba? Mbona nakukuta na simu?”

“Nasoma, mama. Notsi zote ziko humu. Mwalimu wa tuisheni ametuma kwenye grupu.”

Mama anakosa la kujibu. Yeye aliishia darasa la saba, na masomo ya sekondari ni ya Kiingereza. Akimnyang’anya simu, anaogopa kumnyima mtoto vitabu. Akimwachia, hajui kama anasoma au anaangalia vichekesho. Baba naye ana msimamo wake: enzi zao walisoma kwa daftari na kalamu, na walifaulu.

Ubishi huu upo katika nyumba nyingi jijini Dar es Salaam, hasa miezi ya karibu na mtihani wa taifa. Na kila upande una ukweli wake.

Mtoto hasemi uongo anaposema notsi ziko kwenye simu. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada vinavyosomwa bure. Mitihani ya miaka iliyopita inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Mwanafunzi aliyekosa kipindi hutumiwa picha ya ubao na mwenzake. Kwa familia isiyomudu kununua vitabu vyote, simu moja yenye bando ni msaada mkubwa.

Swali la mzazi liwe hili: mtoto akishapata hizo notsi, anazifanya nini?

Tafiti zinasemaje

Mwaka 2014 watafiti wawili wa Marekani, Pam Mueller wa Chuo Kikuu cha Princeton na Daniel Oppenheimer wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walichapisha utafiti uliozungumzwa sana. Wanafunzi wa chuo walioneshwa mihadhara ya video. Wengine waliandika notsi kwa mkono, wengine walichapa kwenye kompyuta mpakato zisizo na intaneti. Baadaye wote waliulizwa maswali.

Kwenye maswali ya kutaja, kama mwaka au jina, makundi yalikaribiana. Kwenye maswali ya kueleza na kulinganisha, walioandika kwa mkono walifanya vizuri zaidi.

Maelezo ya watafiti yalikuwa rahisi kuelewa. Mtu anayechapa haraka anaweza kunakili karibu kila neno la mhadhiri bila kulifikiria. Anayeandika kwa mkono hawezi kuifuata kasi ya mtu anayeongea, kwa hiyo analazimika kusikiliza, kuchuja, kisha kuandika kwa ufupi. Kule kuchuja ndiko kujifunza kwenyewe. Watafiti hata waliwaonya baadhi ya waliokuwa wakichapa wasinakili neno kwa neno, lakini bado walinakili.

Hata hivyo, hadithi haikuishia hapo. Mwaka 2021 timu ya Chuo Kikuu cha Tufts, pia cha Marekani, ikiongozwa na Heather Urry, ilirudia jaribio la kwanza. Waliochapa waliendelea kunakili neno kwa neno, lakini safari hii alama za makundi mawili hazikutofautiana kiasi cha kusema kalamu imeshinda.

Mwaka 2024 zikaja habari kutoka Norway. Audrey van der Meer na Ruud van der Weel wa chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha Trondheim waliwavalisha wanafunzi 36 kofia yenye vihisio vya kupima umeme wa ubongo. Walipoandika maneno kwa mkono, sehemu mbalimbali za ubongo ziliwasiliana kwa wingi zaidi kuliko walipochapa. Lakini wanafunzi hao walichapa kwa kidole kimoja tu, na hawakupewa mtihani wowote baada ya hapo. Kalamu yenyewe ilikuwa ya kidijitali, ya kuandikia kwenye kioo.

Kwa hiyo, mzazi, ukisikia mtu anasema sayansi imethibitisha kwamba simu inaua akili ya mwanafunzi, jua ametia chumvi. Ushahidi unaelekea upande wa kuandika kwa mkono, lakini kalamu peke yake haifaulishi mtu.

Daftari nalo linaweza kukudanganya

Hapa ndipo wazazi wengi wanapopitiwa. Anachokatazwa mtoto wa kompyuta, yaani kunakili bila kufikiri, ndicho watoto wengi wa Tanzania wanachokifanya kwa kalamu tangu zamani. Mwalimu anajaza ubao, wanafunzi wanahamisha. Mwisho wa muhula kaunta buku limejaa, mwandiko mzuri, vichwa vya habari vimepigiwa mstari mwekundu. Mzazi akilifunua anafurahi. Lakini muulize mtoto ukurasa huo unasema nini, anababaika.

Kwa mwanafunzi wa sekondari tatizo hili ni kubwa zaidi kwa sababu ya lugha. Nyumbani na mitaani anaongea Kiswahili, darasani anaandika Kiingereza. Anaweza kunakili aya nzima ya Biolojia bila kosa la herufi hata moja na asielewe sentensi mbili. Mkono umefanya kazi, kichwa kimelala.

Sasa mrudie yule mama wa Mtaa wa Kongo. Chini ya meza yake ana daftari la madeni, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Ukimuuliza nani anadaiwa doti mbili na alichukua lini, mara nyingi anakujibu kabla hajalifungua. Kwa nini anakumbuka? Kwa sababu alipoandika alijua anachokiandika, na kila siku anajiuliza kichwani nani bado hajalipa. Anaandika kwa maana, halafu anajiuliza mara kwa mara. Mwanafunzi anahitaji mambo hayo hayo mawili.

Kujiuliza kunashinda kurudia kusoma

Jambo la pili, la kujiuliza, lina ushahidi mzito kuliko ubishi wa kalamu na simu. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis, waliwapa wanafunzi habari fupi za kusoma. Kundi moja lilisoma tena habari ileile. Kundi jingine lilifunika karatasi na kuandika kila lilichokumbuka.

Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma waliongoza. Walipopimwa baada ya wiki moja, mambo yaligeuka: waliojipima ndio waliokumbuka zaidi.

Matokeo haya yanaeleza kilio kinachosikika kila mwaka: “Nilisoma sana, lakini ndani ya chumba cha mtihani nikasahau.” Mtoto hasingizii. Alisoma kweli, tena usiku kucha. Lakini alisoma kwa kupitisha macho, iwe kwenye simu au kwenye daftari. Kila akirudia ukurasa anauona si mgeni, anadhani ameuelewa. Siku ya mtihani ukurasa haupo, anatakiwa autoe kichwani, na hajawahi kufanya zoezi hilo.

Mtihani wenyewe ni wa mkono

Kuna sababu nyingine ya kutoitupa kalamu, na hii haihitaji utafiti. Mtihani wa taifa wa kidato cha nne unaandikwa kwa mkono. Maelekezo ya Baraza la Mitihani la Tanzania yanataka wino wa bluu au mweusi, michoro kwa penseli, na simu haziruhusiwi ndani ya chumba. Mitihani mingi ya nadharia ni ya saa 3.

Saa 3 za kuandika mfululizo si mchezo kwa mkono usiozoea. Mwanafunzi aliyemaliza mwaka akisogeza kioo kwa kidole gumba anaweza kukuta vidole vinakaza na mwandiko unaharibika mapema, wakati maswali ya kujieleza mara nyingi yako mwishoni. Misuli ya mkono huzoea kazi kama misuli ya mguu. Asiyefanya mazoezi hawezi kutegemea kukimbia vizuri siku ya mashindano.

Mtoto anayekaba kalamu kwa nguvu afundishwe kuilegeza, aketi mkono ukiwa umeegemea meza, na anyooshe vidole kila baada ya kurasa chache. Kama maumivu hayaishi, au vidole vinakufa ganzi, apelekwe kituo cha afya mapema, si wiki ya mtihani.

Wapo pia watoto ambao kuandika kwa mkono ni mzigo kweli, kwa sababu ya ulemavu, uoni hafifu au shida nyingine. Hao wasilazimishwe kwa kelele. Mzazi azungumze na mkuu wa shule mapema, kwa sababu Baraza la Mitihani lina utaratibu wa watahiniwa wenye mahitaji maalumu, na taarifa zao hupitia shuleni.

Mzazi asiyejua somo afanye nini

Huhitaji kujua Kemia kumsaidia mwanao. Huhitaji hata Kiingereza. Jaribu haya:

1. Simu itumike kutafuta, daftari litumike kujifunzia. Mtoto asome mada kwenye simu, kisha aiweke mbali na kuandika kwa maneno yake, ukurasa mmoja. Hairuhusiwi kunakili akiwa anatazama.

2. Mwambie: “Nieleze kwa Kiswahili.” Mwulize damu inazungukaje mwilini, au mvua inatokea vipi. Wewe sikiliza tu huku unachambua mchele. Akikwama, hapo ndipo pa kurudia. Akishaeleza vizuri kwa Kiswahili, aandike jibu kwa Kiingereza, kwa sababu ndivyo atakavyotakiwa kwenye mtihani.

3. Asubiri kidogo kabla ya kujipima. Mada ya Jumatatu aulizwe Jumatano, kisha wiki inayofuata. Kusahau kidogo halafu kukumbuka kwa shida ndiko kunakoimarisha kumbukumbu.

4. Kila wiki afanye walau mtihani mmoja wa zamani kwa kalamu, kwa muda kamili, simu ikiwa imezimwa na iko kwako. Ukiona karatasi imeandikwa mpaka mwisho, umeona maendeleo ambayo kioo cha simu hakiwezi kukuonesha.

5. Picha ya ubao isihesabiwe kuwa notsi. Kama amepiga picha shuleni au ametumiwa, aipitie jioni hiyo hiyo na kuandika muhtasari wake.

Kama mnaishi nyumba ya kupanga yenye kelele, Maktaba Kuu ya Taifa iliyopo Barabara ya Bibi Titi Mohamed, iliyofunguliwa mwaka 1967, haiko mbali na Kariakoo. Ina vitabu na meza za kusomea, na muda wa mchana mwanafunzi anaweza kupata utulivu ambao chumba kimoja chenye watu watano hakiwezi kumpa.

Simu nayo ilale

Usiku ndio wakati ambao simu inaleta hasara kubwa, hata kwa mtoto anayesoma kweli. Wataalamu wa tiba ya usingizi wanashauri vijana wa miaka 13 hadi 18 walale saa 8 hadi 10 kwa siku. Usingizi ni sehemu ya kujifunza, kwa sababu ubongo hutumia muda huo kupanga na kuimarisha yaliyosomwa mchana. Mtoto anayesoma kitandani mpaka saa 8 usiku, huku ujumbe wa grupu ukiingia kila dakika, anapoteza usingizi na anaanza kusahau hata alichokwisha kukielewa.

Wekeni utaratibu unaowahusu wote nyumbani. Ikifika saa 4 usiku, simu zote, pamoja na ya baba na ya mama, zinachajiwa sebuleni. Mtoto hawezi kuheshimu sheria ambayo wakubwa wanaivunja mbele yake. Na akisoma kwenye kioo kidogo kwa muda mrefu, kila baada ya dakika 20 ainue macho na kutazama mbali kidogo ili yapumzike.

Basi yule mama wa Mtaa wa Kongo, akirudi tena saa 2 usiku na kumkuta binti yake na simu, hana haja ya kugomba wala kunyamaza. Aketi, avue viatu, anyooshe miguu, kisha amwambie, “Haya mwanangu, iweke hiyo simu mezani. Nieleze umesoma nini leo.”

Akieleza, mwache aendelee. Akishindwa, mpe daftari na kalamu, mwanze pale alipokwama.